Ukurasa wa ajira: anzeni na tangazo na fomu, picha zije baadaye

Kampuni ya Mwanza ikiamua kutengeneza upya ukurasa wake wa nafasi za kazi, kikao cha kwanza huishia kwenye picha: wafanyakazi wamevaa fulana za kampuni, ziwa na mawe ya Bismarck nyuma yao. Picha kama hiyo ikipandishwa kama ilivyotoka kwenye kamera, inafika megabaiti 4 au 5. Mwombaji wa Nansio au Sengerema anayehesabu bando lake hatasubiri ifunguke. Ipunguzeni hadi kilobaiti 100, au iondoeni kabisa. Mwombaji amefuata kazi.

Kabla hamjamlipa mtu wa tovuti hata senti, tafuteni simu ya bei ya chini, ile yenye RAM ya gigabaiti 2, zimeni Wi-Fi ya ofisi, kisha ombeni kazi yenu wenyewe mwanzo hadi mwisho. Andikeni kila mahali mlipokwama. Karatasi hiyo ndiyo iwe mkataba wenu na fundi.

Sasa tangazo lenyewe. Mengi yanasomeka hivi: "Kampuni inayoongoza Kanda ya Ziwa inatafuta fundi mchapakazi, mwenye ari na anayeweza kufanya kazi kwa usimamizi mdogo." Nani atasema yeye si mchapakazi? Sentensi hiyo haimchuji mtu, ndiyo maana mnapokea maombi 400 na wanaofaa hawazidi 10. Kama ni kiwanda cha samaki, andikeni hivi: "Fundi wa majokofu. Kiwanda kipo Ilemela. Utahudumia kompresa za amonia na vyumba vya baridi vya nyuzi 18 chini ya sifuri. Zamu tatu, ikiwemo ya usiku. Lazima uwe umefanya kazi na amonia angalau miaka miwili." Aliyezoea friji za majumbani tu atajua hapamfai, na aliyezoea amonia atajua mnaijua kazi yake.

Mshahara uandikwe, hata kama ni kiwango cha chini na cha juu. Wakubwa wakikataa katakata, basi angalau andikeni saa za kazi, usafiri wa zamu ya usiku na chakula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeshaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, na nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Kuyaandika hakuwaongezei gharama yoyote, na kunamtoa mwombaji wasiwasi.

Msiandike "Mwanza" peke yake. Nyakato si Igogo, na Usagara ni safari nyingine kabisa. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mtu wa Sengerema anaweza kufikiria kazi ambayo zamani foleni ya kivuko ingemkatisha tamaa, lakini lazima ajue anaelekea wapi. Wa Ukerewe bado anategemea maji: usaili wa saa 2 asubuhi unamlazimisha kulala mjini. Pangeni saa 6 mchana.

Fomu ndiyo inayopoteza watu wengi, na mara nyingi hakuna anayejua, kwa sababu aliyeshindwa kutuma hapigi simu kulalamika. Vitu saba vinatosha: jina kama lilivyo kwenye cheti, namba ya simu, wilaya anayoishi, kiwango cha elimu, miaka ya uzoefu, CV na cheti kimoja kinachohusika. Barua pepe isiwe lazima kwa dereva au mchakataji samaki. Msimlazimishe kufungua akaunti yenye nywila. Namba ya NIDA, wadhamini na cheti cha kuzaliwa ombeni kwa waliofika kwenye usaili tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mkusanye kinachohitajika kwa kazi husika, na rundo la vitambulisho vya watu ambao hamtawaajiri ni mzigo wa kuulinda bure.

Kosa linalojirudia kuliko yote liko kwenye kupandisha faili. Mtu anapiga picha cheti chake kwa simu, faili inakuwa megabaiti 3 au zaidi. Nginx, programu ya seva inayopokea kinachotumwa kwenye tovuti, ikiachwa na mpangilio wake wa mwanzo hukataa kitu kinachozidi megabaiti 1, na PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, nayo ina kikomo chake cha megabaiti 2 kwa faili moja. Fundi akiongeza kimoja na kusahau kingine, tatizo linabaki palepale. Mwombaji anaona namba 413 (yaani kilichotumwa ni kikubwa mno) au ukurasa mweupe, na yote aliyojaza yamefutika. Ongezeni vikomo vyote hadi megabaiti 10, pokeeni JPG pamoja na PDF, picha ipunguzwe ndani ya simu kabla ya kutumwa, na majibu yahifadhiwe kila anapomaliza kipengele. Kulazimisha PDF ni kumpeleka mtu steshenari akalipie kuskani.

Namba ya simu ipokewe kwa namna zote, iwe imeanza na 06, 07, 255 au +255, iwe na nafasi au bila. Mfumo ndio uipange. Kila ombi liingie kwenye hifadhidata, siyo kwenye barua pepe ya afisa rasilimali watu pekee. Tovuti isiyowekewa SPF na DKIM, mipangilio inayothibitisha kuwa barua pepe kweli imetoka kwenu, barua zake mara nyingi huishia kwenye taka, na ombi linapotea bila mtu kujua. Mwombaji apate meseji papo hapo yenye namba ya ombi na tarehe ya kufunga.

Matapeli huiga matangazo na kudai "hela ya fomu". Juu kabisa ya kitufe cha kutuma, wekeni sentensi moja: "Hatutozi malipo yoyote katika hatua yoyote," pamoja na namba mtakazotumia kuwapigia waombaji.

Kwa Google, kila nafasi iwe na ukurasa wake wenye alama za JobPosting, yaani maelezo ndani ya msimbo wa ukurasa ambayo Google huyasoma ili itambue kuwa ni tangazo la kazi: cheo, maelezo, mwajiri, mahali, tarehe ya kutangazwa na ya kufunga. Siku ikipita, ondoeni fomu pamoja na alama hizo, muandike "Imefungwa", kisha hatua iliyofikiwa: mchujo, usaili, au imejazwa. Simu za kuulizia zitapungua mapokezi.

Anwani za zamani zielekezwe kwenye mpya kwa 301, amri ya seva inayompeleka mtu moja kwa moja kwenye anwani mpya. Bango lililobandikwa getini mwaka jana bado lina anwani ile, na kuna watu wameihifadhi kwenye simu zao.