Waridi Gumu la Ng'ambo Silo Gumu la Nakuru

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza kama yapo mawaridi yenye sifa tatu kwa pamoja, yaani magumu, yenye harufu na yasiyokoma kuchanua, ambayo mtu mwenye kiwanja kidogo cha nyumbani anaweza kuyapanda na kuyatunza bila kuajiri mtunza bustani. Yapo, tena si machache. Wengi wetu huyakosa kwa sababu tunalichukua neno "gumu" kama lilivyoandikwa katika vitabu na katalogi za Ulaya na Marekani, ambako maana yake haituhusu sisi tunaoishi Nakuru.

Kule, waridi gumu ni lile ambalo shina lake halifi theluji inapolifunika kwa miezi kadhaa. Mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku wake una ubaridi na mchana wake una jua, na adui wa mwaridi hapa ni kuvu. Msimu wa mvua huleta ugonjwa wa madoa meusi, ambao huyafanya majani kuwa manjano na kupukutika kuanzia chini kwenda juu mpaka mmea unabaki kama fimbo zenye miiba. Msimu mkavu nao huleta ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoonekana kama unga uliomwagikia matumba na majani machanga, ambao hauhitaji jani lililolowa na hupenda hasa mchana wa joto unaofuatwa na usiku wa baridi. Waridi lililosifiwa kwa kustahimili majira ya baridi ya Kanada laweza kufika hapa likashindwa na mvua za Aprili peke yake, ilhali aina ambazo Wazungu huziita dhaifu kwa kuwa huuawa na barafu hukua kwetu kama kichaka cha porini.

Aina hizo zinazoitwa dhaifu ndizo hasa zenye damu ya kuchanua daima. Mawaridi mengi ya kale ya Ulaya, pamoja na uzuri wake wote, huchanua mara moja tu kwa mwaka, na mengi huhitaji majira ya baridi ndipo yachanue vizuri. Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 18, mawaridi ya Uchina yalipofikishwa Uingereza, likiwamo lile la rangi ya waridi iliyopauka ambalo leo huitwa 'Old Blush', lililoonekana huko karibu mwaka 1793. Mwaka 2012 watafiti walieleza siri yake: mmea huo una jeni ambayo kazi yake ni kuzuia maua nje ya msimu, lakini kipande cha DNA kimejiingiza ndani ya jeni hiyo na kuiharibu, hivyo mmea haujui kuacha kuchanua. Karibu kila waridi la leo linalochanua mfululizo limeirithi hitilafu hiyo. Hata katika Bahari ya Hindi hii yetu, kwenye kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, wakulima walikuwa wakipanda wigo wa mawaridi ya Uchina na ya damaski, yale ya kale yenye harufu kali, na katika miaka ya 1810 ukapatikana humo mzao wa hayo mawili, wenye harufu ya mmoja na uchanuaji wa mwingine. Naona ajabu kwamba mmea uliozaliwa ujirani mwetu tunauagiza kupitia vitabu vya Ufaransa.

Kosa la pili nalijua kwa sababu nililitenda. Nilifanya kazi miaka sita katika ghala la kupakia maua Naivasha, na nilipohamia Lanet, hapa Nakuru, nilikuja na vijiti vya mawaridi mekundu yenye shina refu, yale yanayosafirishwa ng'ambo kwa ndege. Niliyachomeka, yakaota, nikajiona fundi. Mwaka wa pili yalitoa maua machache yasiyonukia hata kidogo, na kila jani lilikuwa limejaa unga. Waridi la biashara huchaguliwa ili likae katika chombo cha maji siku nyingi na livumilie kisanduku, na huishi ndani ya kivungulio cha plastiki ambapo majani hayalowi na mbolea hupitia katika maji ya matone. Zaidi ya hayo, mara nyingi huwa limeunganishwa juu ya shina la waridi jingine lenye mizizi yenye nguvu, kwa hiyo ukikata kijiti chake umechukua kichwa ukaiacha miguu. Jirani yangu mmoja alinunua mche uliounganishwa, akauacha utoe machipukizi chini ya kiungo, na baada ya miaka miwili akaniita kuniuliza ni nani aliyemloga, maana waridi lake la manjano lilikuwa limegeuka kuwa vijiua vidogo vya rangi nyingine. Hakuwa amelogwa. Lile shina la chini lilikuwa limemmeza mgeni wake.

Kuhusu harufu, msikubali kuambiwa kwamba imepotea kwa sababu ya dawa. Harufu ni urithi. Mwaka 2015 watafiti nchini Ufaransa walililinganisha waridi 'Papa Meilland', linalonukia sana, na 'Rouge Meilland' lisilonukia, wakagundua kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza jeranioli, mojawapo ya vitu vinavyolipatia waridi harufu yake, kinafanya kazi kwa wingi katika lile la kwanza na karibu hakipo katika la pili. Mke wangu, mzaliwa wa Mombasa, hahitaji maabara. Yeye amekulia katika nyumba yenye mrashi (chupa ya kunyunyizia) na marashi ya mawaridi, na anajua kwamba ua la kutia katika kikuba, kile kishada cha maua yanayonukia wanachojipamba nacho wanawake wa pwani, huchumwa asubuhi kabla jua halijapanda, kwa kuwa joto la mchana huipeperusha harufu. Anapopelekwa katika kitalu cha miche huinama akanusa kwanza ndipo aulize bei, na sijaona kipimo bora kuliko hicho.

Kwa anayetaka majina, ningeanza na yale yanayoitwa mawaridi ya chai, ambayo Ulaya huogopa kuyaacha nje. 'Duchesse de Brabant' la mwaka 1857 lina harufu nzuri, huvumilia joto na halichoki kuchanua. (Wasomaji wa Kericho wasijivunie: jina linatokana na harufu inayofananishwa na majani ya chai, wala hayana undugu wowote na mchai.) 'Old Blush' lina harufu ya wastani, lakini kwa ugumu wa hapa sijui la kulishinda. Anayependa ua kubwa jekundu lenye harufu nzito na atafute 'Mister Lincoln' la mwaka 1964, mradi alipatie jua na hewa. 'Souvenir de la Malmaison', waridi la Bourbon la mwaka 1843, linanukia vizuri, ila matumba yake huoza kabla ya kufunguka mvua inapoendelea, na kwa hiyo sitamshauri mtu wa Kisii au Kericho alipande. 'Knock Out' la mwaka 2000 ni gumu kweli na huchanua bila kusitasita, lakini usilipande karibu na dirisha ukitegemea litanukia. Lililo bora katika bustani yangu halikutoka kitaluni. Nililikata kwenye wigo wa nyumba ya zamani upande wa Njoro, kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye alisema halijamwagiliwa maji tangu ahamie hapo.

Sasa kuhusu kupogoa, jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hutupotosha zaidi. Huko mmea hulala, na wao hukata unapoamka. Hapa haulali kamwe, hivyo ni lazima sisi tuuchagulie wakati wa kuanza upya. Miaka ya mwanzo nilikata mwezi wa Machi mwishoni, nikiona busara kuisubiri mvua, na machipukizi yote mapya yakatoka Aprili yakakutana na madoa meusi. Jani changa ndilo linaloshambuliwa kwa urahisi, na mbegu za kuvu hiyo zinahitaji jani libaki limelowa kwa muda wa takriban saa saba ndipo ziote. Siku hizi napogoa mwishoni mwa Januari, wakati wa ukavu, nakipunguza kichaka kwa thuluthi moja, naondoa matawi yaliyokufa na yanayosuguana, kisha namwagilia kwa bidii ili majani yawe yamekomaa masika yanapoanza. Katika miezi mingine nakata tu ua lililonyauka, juu kidogo ya jani lenye vijani vitano na jicho linalotazama nje, kabla mmea haujaanza kufanya tunda, maana ukishazaa hupoteza hamu ya kuchanua. Baada ya wiki sita hadi nane ua jingine huwa limefunguka pale pale.

Mengine ni mepesi. Jua kwa muda wa saa sita kwa siku kwa uchache, nafasi ya mita moja kati ya mche na mche, maji asubuhi tena shinani, samadi iliyooza kabisa mara tatu kwa mwaka na matandazo ya nyasi kavu. Mbolea ya chumvichumvi yenye nitrojeni nyingi huleta majani laini, na majani laini huwaita vidukari. Majani yenye madoa nayaokota na kuyachoma, siyatupi kwenye mboji.

Dada yangu anayeishi Kisumu, ambako joto ni kubwa zaidi, hupata maua madogo yanayopukutika baada ya siku mbili au tatu, ila huyapata mengi zaidi kuliko mimi. Udongo wake ni ule mweusi wa uwanda wa Kano unaotuamisha maji, kwa hiyo amepanda juu ya tuta lililoinuliwa na kuchanganywa mchanga na samadi. Miche aliyoipanda kwenye ardhi tambarare mara ya kwanza iliozea mizizini.

Na kwa asiye na fedha za kununua, tawi lenye unene wa penseli, lililokwisha kutoa ua lake, likatwe kwa urefu wa sentimita 20, liachiwe majani mawili ya juu, lichomekwe nusu yake katika mchanga uliochanganywa na udongo wa msituni, kisha lifunikwe kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kuwekwa kivulini. Langu la Njoro lilitoa mizizi katika wiki ya sita. Vijiti vinne kati ya kumi vilikufa, na viwili nilivigawa kanisani.