Jibu: Mbuzi ana maziwa siku ileile, mama anangoja siku tatu

Papa, umeuliza kwa nini mbuzi wako hapo Mugunga alizaa kiwele kimejaa, na mama wa nyumbani akangoja maziwa hadi siku ya tatu baada ya kujifungua. Breki ni projesteroni, homoni ya mimba. Wakati wa mimba prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, imeshapanda, ila projesteroni inazuia maziwa yasitengenezwe kwa wingi. Kwa mbuzi inatoka kwenye ovari (kifuko cha mayai) na hushuka kabla ya kuzaa. Kwa binadamu inatoka kwenye kondo la nyuma: likishatoka ndipo inaanguka, maziwa hujaa siku 2 au 3 baadaye. Kipande cha kondo kikibaki ndani, yanachelewa. Maziwa ya manjano ya mwanzo msiyakamue mkamwaga, mtoto anyonye, akivuta, prolaktini inapanda.