Maswali ya wasomaji: Bomba lililozeeka linalipwa na nani?

Anayejibu mwezi huu ni mhasibu mstaafu. Alifanya kazi miaka 27, kwanza halmashauri ya wilaya, kisha mamlaka ya maji ya mji mdogo.

Shikamoo mama. Nina mgahawa katika mji wa mkoani. Bomba la mtaani kwetu limepasuka mara tatu tangu mwaka uanze. Likizibwa hapa, linapasukia pale mbele, nami nanunua maji ya dumu. Sasa tumeambiwa kwenye mkutano kwamba mamlaka yetu inafikiria kukopa kwa hatifungani, yaani kuuza hati za deni kwa watu na taasisi na kuwalipa riba, kama walivyofanya Tanga. Deni hilo si tutalilipa sisi wenye mita? Kwa nini serikali isitoe tu?

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, mtalilipa ninyi wenye mita. Naanza na hilo kwa sababu utakutana na watu watakaokuzungusha.

Lakini hata sasa unalipa. Siku moja mafundi waliniletea ofisini kipande cha bomba la chuma walichokikata barabarani, urefu wake kama mkono wangu. Kwa nje lilikuwa bomba la inchi nne. Nikalinyanyua nikachungulia. Kutu ilikuwa imejijenga ndani tabaka juu ya tabaka, ngumu kama ukoko wa ubwabwa uliosahauliwa jikoni, na tundu lililobaki halikupitisha vidole viwili. Fundi mkuu akaniambia, "Mama, pampu inasukuma maji kwenye hili. Ndiyo maana bili ya umeme haishuki." Miaka miwili mfululizo, bajeti ilipobana, mimi ndiye niliyependekeza kasma, yaani fungu, ya matengenezo ipunguzwe, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa haina wa kuitetea. Kile kipande nilikiweka juu ya kabati langu mpaka nilipostaafu, na kila mwaka wa bajeti nilikiteremsha mezani.

Kwa hiyo gharama ya bomba bovu unaibeba kwenye dumu unalonunua, kwenye umeme wa pampu, na kwenye maji yanayomwagika ardhini usiku kucha, ambayo yalishatibiwa kwa dawa iliyonunuliwa kwa pesa yako.

Walichofanya Tanga ni hiki. Februari 2024 mamlaka yao ya maji ilizindua hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wanunuzi wakaleta pesa kuzidi ile iliyoombwa, na hatifungani ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Pesa hiyo ni ya kupanua na kukarabati mfumo unaochota maji ya Mto Zigi, ambao chanzo chake kiko juu huko milima ya Usambara Mashariki. Mtu aliyenunua hatifungani ya milioni moja ana riba ya 135,000 kwa mwaka. Jambo kubwa kwangu ni kwamba malipo yanatokana na mapato ya maji yenyewe. Serikali kuu haikuambiwa ibebe mzigo ule.

Napenda njia hiyo kwa sababu moja. Bomba jipya la plastiki ngumu likilazwa vizuri litakaa miaka hamsini, na mjukuu wako atakunywa maji yake. Si haki wateja wa mwaka huu pekee walipie kitu cha miaka hamsini kwa mkupuo, wakati wateja wa miaka ijayo watakuwa wanakitumia. Mkopo unagawa mzigo huo. Lakini piga hesabu: asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni zaidi ya bilioni saba kwa mwaka, hapo deni lenyewe hujaligusa. Pesa ya namna hiyo haikopwi kwa mishahara, wala mafuta ya magari, wala kuziba viraka. Inakopwa kwa kitu kitakachouza maji zaidi au kitakachozuia maji yasipotee.

Serikali hutoa, tena nyingi, kwa miradi mikubwa. Niliyoyaona kwa macho yangu ni kwamba pesa ile huja na jina la mradi: tangi, mtambo, chanzo kipya. Ni mara chache mno iliwahi kunijia pesa ya vali, ya mita mbovu, au ya kubadili mita mia tatu za bomba lililochoka katikati ya mji. Hizo zinategemea bili.

Kwa hiyo kwenye mkutano ujao, usiulize tu kama bili itapanda. Uliza pesa ya hatifungani itakaa kwenye akaunti gani na nani anaweza kuichota. Uliza katika kila ndoo mia zinazotoka kwenye mtambo, ngapi zinafika kwenye mita. Kama hawana jibu la swali hilo la pili, wamekuja kukopa kabla ya kujua wanavuja wapi, nami ningewapinga. Na bei ya maji ikitaka kupandishwa, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha maoni ya wananchi kabla ya kuidhinisha. Nenda na daftari lako la kununua maji ya madumu. Hiyo ni hesabu halali kuliko hotuba.

Mama, barabara ya kijijini kwetu ilichongwa na greda mwezi wa kumi na moja. Kufika masika, shimo juu ya shimo. Mimi ni bodaboda. Hiyo pesa inatoka wapi, maana sisi hatuchangii?

Unachangia kila siku, mwanangu, tena kabla hujambeba abiria wa kwanza. Kwenye kila lita ya petroli kuna tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za aina ya hiyo yenu. Tangu Julai 2017 barabara za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na mtandao wake ni zaidi ya kilomita 144,000. Mgawo wa kawaida wa mfuko umekuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, 30 kwa hizi zenu. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya pesa ya mfuko iende kwenye matengenezo. Kwa hiyo ukidai matengenezo, unadai kitu ulichokwisha kulipia.

Lakini nikuambie kinachoua barabara ya udongo. Ni maji yaliyokosa njia. Nikiwa halmashauri palikuwa na kalavati moja iliyozibwa na majani ya migomba, mifuko na mchanga. Mtendaji wa kijiji aliandika barua. Kazi ilikuwa ya vibarua wawili na makoleo, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Vocha ya malipo yao ilizunguka kutoka meza hadi meza wiki tano. Mvua ikanyesha usiku mmoja, maji yakapanda juu ya barabara, na asubuhi pale palipokuwa na kalavati palikuwa na korongo la kuingiza lori. Tukatafuta mkandarasi. Watoto wa ng'ambo ile walikaa muhula mzima wakizunguka kwenda shule, na mama mmoja mjamzito alivushwa kwa machela. Sijasahau.

Greda bila kushindilia na bila kuzibua mitaro ni kulainisha udongo ili mvua iuchukue. Kijiweni kwenu mko wangapi? Chagueni wawili waende ofisi ya TARURA ya wilaya, waombe kuona kama barabara yenu imo kwenye mpango wa matengenezo wa mwaka huu, na imeandikiwa kazi gani. TARURA imewahi kutumia vikundi vya wananchi kwa kazi ndogo za kufyeka na kuzibua mitaro. Ulizeni kama kwenu mnaweza kuunda kikundi. Nendeni kabla ya vuli.

Shikamoo. Mimi ni mpangaji, Dar es Salaam. Kila mwezi nikinunua umeme wa LUKU nakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo si langu. Ni sawa?

Marahaba. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Kuanzia Agosti 2021 inakusanywa kwenye LUKU, kwanza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa 1,500. Mita haijui nani mwenye hati, inamkata anayenunua umeme. Kwa mwaka umemlipia 18,000. Tunza ujumbe wa kila manunuzi kwenye simu, na mtakapofanya upya mkataba mwombe aikate kwenye kodi ya pango, iandikwe humo. Na kama nyumba ina mita tatu na wote mnakatwa, mwenye nyumba aombe irekebishwe, kwa maana nyumba ni moja.