Mjomba, nitafikaje bila gari?

Barua za safari hii karibu zote zimeimba wimbo mmoja, jiji ni kubwa na gari sina. Nimeziweka pamoja. Nyingine nimezikata, maana kuna mtu kaniandikia kurasa sita kuhusu kondakta mmoja tu.

Shikamoo mjomba. Nina miezi mitatu kwenye jiji hili, kazi iko upande wa pili kabisa, kama kilomita 25. Napanda basi mpaka katikati ya mji, nashuka, napanda lingine, afu la tatu. Natoka saa 11 alfajiri na bado nachelewa. Wenzangu wananiambia nichukue mkopo ninunue gari tu yaishe.

Marahaba mpwa wangu. Hapo kwenye mkopo simama kwanza. Nifanyie kitu hiki wiki moja tu, andika kwenye simu saa uliyofunga mlango, saa uliyofika kituoni, saa basi lilipotokea na saa uliposhuka, kila basi na zake. Ukimaliza jumlisha muda ambao ulikuwa unasogea kweli, na muda ambao ulikuwa umesimama unachungulia barabara. Naweka dau kinachokumaliza sio zile kilomita 25, ni kusimama.

Hesabu yake iko hivi. Basi likipita kila dakika 10 kwa mpangilio, we ukitokea tu kituoni bila kuangalia ratiba utasubiri dakika 5 kwa wastani. Likipita kila nusu saa ni dakika 15. Na wewe unapanda matatu, kwa hiyo unasubiri mara tatu, asubuhi na jioni. Halafu kuna ule ugonjwa wa mabasi kuja mawili mawili, umesimama dakika 20 hakuna kitu, mara yanatokea yamefuatana kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Watu wanadhani madereva walikuwa wamekaa mahali wanapiga stori, kumbe basi la mbele likichelewa kidogo tu linakuta watu wengi zaidi kituoni, kuwapandisha wote kunalichelewesha tena, kituo kinachofuata linakuta wengi kuliko hapo, wakati huo la nyuma yake linakuta vituo vimeshazolewa, linakuja tupu mbio mpaka linalikamata. Ukiwauliza wenye mabasi watakwambia wastani ni basi moja kila dakika 10 na hawadanganyi, ila yakija mawili mawili kila dakika 20 kusubiri kwako kunakuwa dakika 10, sio 5. Na kosa tunalofanya wote ni kujibana kwenye lile la kwanza. Ukiona limeshona na mwenzake anaonekana nyuma, liache, panda la pili, utakaa.

Sasa dawa. We unakwenda mpaka mjini kati kisha unatoka tena, yani jiji ni gurudumu na njia zote ni spoki, lazima upite kwenye kitovu. Mabasi ya miji mingi yalipangwa hivo enzi ambazo kazi zilikuwa mjini kati. Houston kule Texas, mji uliotapakaa kwelikweli, mwezi wa nane mwaka 2015 waliichora upya ramani yao ya mabasi karibu yote na kuibadilisha kwa siku moja, wakaweka njia ndefu zilizonyooka zinazokatana kama nyavu, mtu anashuka pale zinapokatana anapanda nyingine anaendelea, mjini kati hajapaona. Jiji lako labda halijafika huko, lakini mara nyingi kuna njia moja mbili zinazokata pembeni ambazo mgeni hazijui. Waulize wanaoshinda kituoni kutwa, wale wanajua kuliko simu yako.

Na kama kuna mabasi yenye njia yake yenyewe, yale yasiyochanganyika na foleni ya magari, kama walivyoanzisha Curitiba kule Brazili mwaka 1974 na miji mingi ikaiga, yafuate hata kwa kutembea dakika 20. Hilo gari la mkopo litakaa kwenye foleni ileile unayoijua, tofauti ni kwamba utakuwa umekaa humo huku unadaiwa.

Mjomba habari za kazi. Mi na mwenzangu tunatafuta nyumba. Moja iko mbali pembezoni, kubwa, nafuu. Nyingine ni vyumba viwili vidogo lakini iko jirani na barabara ya mabasi. Tunabishana wiki ya pili sasa.

Njema. Nyie ndo mmeniuliza swali lenyewe, maana maisha ya bila gari yanaamuliwa siku mnalipa kodi ya nyumba, huko kwingine ni kuparangana tu.

Kuna mwanafizikia wa Italia anaitwa Cesare Marchetti, mwaka 1994 aliandika kwamba watu wa zama zote wanaelekea kutumia kama saa moja kwa siku kusafiri, kwenda na kurudi jumla. Wazo lenyewe alilichukua kwa mtafiti wa usafiri, Yacov Zahavi. Mtu anatembea kama kilomita 5 kwa saa, ndo maana miji ya kale mingi unaivuka kwa miguu ukitaka. Ikaja treni, likaja gari, ile saa moja ikabaki saa moja ila mji ukanyooka kama chingamu. Sasa wewe huna gari na umepanga kwenye ile ncha ya mwisho ya chingamu. Hiyo nafuu ya kodi utairudisha kidogo kidogo kwa nauli na kwa usingizi.

Kwa hiyo mi nachagua vyumba viwili vidogo, bila aibu. Ila jirani na barabara peke yake haitoshi, barabara inaweza kuwa jirani na mabasi yakapita manne kwa siku. Nendeni mkasimame pale saa 1 asubuhi, mkahesabu mabasi ndani ya lisaa, sio kuhesabu tu, muangalie yanasimama au yanapitiliza yameshajaa. Mkae tena saa 3 usiku. Halafu tembeeni kutoka kituoni mpaka mlangoni na mzigo mkononi, ukiwa na mzigo ndo utajua kile kimlima kina urefu gani. Dakika 10 kwa miguu ni kama mita 800, hiyo inavumilika. Angalieni taa za njiani zinawaka au ni nguzo tu, na angalieni mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Dalali hatakwambia hayo, yeye atakwambia "dakika tano tu", na dakika tano za dalali zinapimwa kwa gari.

Mume wangu kapiga hesabu anasema nauli zetu za mwezi zinazidi mafuta, kwa hiyo gari ni nafuu. Ni kweli?

Kapiga hesabu ya mafuta, hajapiga hesabu ya gari. Aongeze bima, sevisi, matairi, paking, marejesho ya mkopo na bei ambayo gari inashuka kila mwaka hata ikiwa imelala. Na inalala kweli, gari inayotembea saa moja kwa siku inakaa 23 imesimama. Mi nashauri kila mwezi mtenge mfuko wa teksi, pesa ambayo haiguswi mpaka mtoto aumwe usiku au mvua igome kukatika. Watu wengi wanashindwa kuishi bila gari kwa sababu wanajinyima teksi mpaka wanachukia maisha, kisha wanakwenda kununua gari kwa hasira.

Shikamoo. Nataka kuanza kwenda kazini na baiskeli, ni kama kilomita 7. Naogopa mambo mawili, jasho na malori.

Marahaba. Kilomita 7 kwa mwendo wa kawaida ni kama nusu saa, na uzuri wake ni nusu saa ileile kila siku, foleni iwepo isiwepo.

Jasho kubwa linatoka mgongoni kwa sababu ya begi. Toa begi mgongoni lifunge kwenye keria, utashangaa. Asubuhi usishindane na mtu, endesha polepole kama unayemsindikiza mgeni, kukimbizana weka jioni. Shati la kazini likunje kwa kuliviringisha, liweke juu kabisa ya begi, na ukifika kaa dakika 10 upoe kwanza ndo ubadilishe, ukivaa hapohapo unalilowesha na hilo.

Malori. Dereva wa lori ana sehemu hakuoni kabisa, hasa pembeni kwake kuelekea nyuma, kioo hakifiki. Kanuni yangu ni moja, kama sioni uso wa dereva kwenye kioo chake basi na yeye hanioni. Lori likiwa limesimama kwenye makutano usijipenyeze ubavuni, kaa nyuma, maana likikata kona matairi ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakata ndani zaidi, hapohapo ulipo wewe. Kuna hofu nyingine watu hawaifikirii, milango. Magari yaliyopaki pembeni pita mbali nayo urefu wa mkono na zaidi, mlango unafunguliwa ghafla na huna pa kwenda. Taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele, na breki zote mbili zijaribu kabla hujapanda, kila siku.

Kama kilomita zingekuwa 20 ningekwambia ununue ya kukunja, uendeshe mpaka kituoni, uikunje upande nayo basi au treni. Ila uliza kwanza kama wanaruhusu, usije ukanilaumu.

Mjomba wanaotoa ushauri wa usafiri ni wanaume wanaokwenda kazini na begi moja. Mi nina watoto wawili wa shule mbili tofauti, kuna soko, kuna mama yangu anahitaji dawa. Nisaidie na mimi.

Umenishika, na una haki. Njia nyingi zimepangwa kwa mtu wa kwenda asubuhi na kurudi jioni, mistari miwili tu. Safari yako wewe ni mnyororo, shule, shule, kazi, dawa, soko, nyumba, na kila pete ya mnyororo ni nauli na kusubiri.

La kwanza uliza kama kuna tiketi ya siku au kadi inayoruhusu kubadilisha ndani ya muda fulani bila kulipa upya, miji mingi inayo na wenye safari fupifupi kama zako ndo inawalipa zaidi. La pili vunja mnyororo. Vitu vizito vya ndani nunua mara moja kwa mwezi urudi navyo kwa teksi, hiyo sio anasa, ndo kazi ya ule mfuko. Dawa za mama za mwezi mzima kwa pamoja kama daktari anaruhusu. Na shule mbili, hapo nakwambia ukweli, kama kuna namna ya kuwaweka watoto shule moja hata isiyokupendeza sana, itakupendeza baadaye. Kama haiwezekani tafuta mzazi mwenzio mpeane zamu, leo wewe unawapeleka wa kwako na wake, kesho yeye.

Naenda Los Angeles miezi mitatu kwa masomo na kuendesha gari sijui. Kila ninayemwambia anacheka.

Wanaocheka wana haki nusu. Wasichojua ni kwamba mji huo ulitapakaa vile kwa kufuata treni kabla ya magari, mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na treni nyekundu za kampuni ya Pacific Electric zenye reli zaidi ya kilomita 1,600. Zikaachwa zikafa, ya mwisho ilisimama mwaka 1961. Reli mpya ikarudi 1990 kwenda Long Beach, 1993 ikafunguliwa ya chini ya ardhi, 2016 ikafika Santa Monica karibu na bahari, na 2023 wakafungua handaki la mjini kati lililounganisha njia ambazo zilikuwa zinakulazimisha kushuka na kubadilisha.

Kwa hiyo inawezekana, ila usiuchukulie kama mji mmoja. Ni miji mingi imeshikana mabega. Tafuta chumba ambacho chuo na stesheni viko kwenye mstari mmoja, na huko kwingine ukuone wikiendi, siku huna haraka. Mtu akikwambia "ni hapo tu" usimwamini.

Mjomba basi la mwisho likikupita unafanyaje?

Unalijua saa yake kabla hujatoka nyumbani, na unapanda la kabla yake. Kama wewe ni mwanamke au uko peke yako, kaa siti za karibu na dereva, na ukishapanda mtumie mtu mmoja ujumbe uko basi gani, sio ukishafika.

Na usilale. Mi niliwahi kulala kwenye la mwisho, nimeegemea kioo raha mustarehe, nikaamshwa na maji ya baridi miguuni, jamaa anamwaga ndoo anasugua sakafu, tuko yadi wanakolaza mabasi, taa moja inapepesa. Akaniuliza "mzee wewe ni wa kazini hapa?" Nikatoka nje na viatu vimelowa, nikaita teksi, mfuko wangu wote wa teksi wa mwezi ukaishia pale. Ilikuwa tarehe 2.