Jibu: Nina Jumapili moja Kigoma, niende Gombe au kwa dada Uvinza?

Mkuu umesema uko Kigoma mjini kikazi, una Jumapili moja tu, dada yako kaolewa Uvinza hujamuona siku nyingi, na unauliza uende Gombe ukaone sokwe au uende kwa dada ambako unasema "ni vumbi na chumvi tu, siku nzima nitafanya nini". Ngoja nikujibu kwa kirefu maana hili lilinikuta Oktoba mwaka juzi, tofauti ni kwamba mimi sikuwa mgeni, nakaa Mwanga hapahapa, na kwa dada nilikuwa sijafika miaka minne. Tangu msiba wa mama. Uvinza napita na treni kila nikienda Dar, naona taa za stesheni, navuta shuka nalala.

Gombe nenda siku nyingine. Kule hakuna barabara, ni boti, na ukiwa na siku moja utashinda unaangalia saa.

Mimi niliamkia Kibirizi, pale mwaloni kwa wavuvi, alfajiri boti zinarudi, nikanunua migebuka wabichi wanne nikawatia kwenye ndoo na barafu, nikawahi mchomoko, vile vigari vidogo vya abiria. Tulipakiwa kama dagaa gunia, abiria mmoja kampakata mtoto wa mwenzie na ndoo yangu iko katikati ya miguu inavuja maji kwenye viatu vya mama mmoja ambaye kwa bahati alikuwa mstaarabu. Lami ipo lakini, ni kama kilomita mia hivi, unafika bado asubuhi.

Dada alikuwa anafagia uwanja. Akanitazama, akaitazama ndoo, akasema "kumbe barabara ya huku unaijua." Basi. Akaendelea kufagia mpaka akamaliza ndo akanipokea. Wapwa zangu yule mkubwa nilimwacha darasa la pili nikamkuta ana sauti nzito, "shikamoo mjomba" nikageuka kuangalia ni mzee gani.

Chai, stori za juujuu, nani kafa nani kaoa, simu zinaita, watoto wanaingia na kutoka. Nyumbani kwa mtu huwezi kuongea la maana aisee. Shemeji ndo akasema twendeni mtoni kabla jua halijawa kali.

Sasa hapa ndo jibu la swali lako. Uvinza ina mito miwili, Ruchugi uko karibu na mji, unashuka kwenda kukutana na Malagarasi. Maeneo hayohayo kuna chemchemi za maji ya chumvi, na usiidharau hiyo chumvi, kuna watafiti walichimba pale miaka ya 1960 wakakuta watu walikuwa wanachemsha chumvi kwenye vyungu zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Shemeji amefanya kazi ya chumvi muda mrefu, ukimgusa hapo haongei kingine. (Lile daraja la Kikwete la 2015 la kuvuka Malagarasi liko mbele sana njia ya Kaliua, usije ukamwambia boda akupeleke ukadhani ni jirani.)

Oktoba mvua bado, nyasi zimeungua, lakini miyombo ndo inatoa majani mapya na hayatoki ya kijani, yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba kabisa, mlima mzima unaona kama unawaka. Kuna jamaa yangu yuko Uingereza, mwezi huohuo alikuwa anaturushia picha za majani mekundu yanayoanguka kwa baridi, nikapiga picha ya kwetu nikamtumia, akauliza "na nyie mna baridi?" Nikamwambia huku ndo yanazaliwa bwana, na shati limelowa jasho. Vaa nguo nyepesi, ila sio bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda hizo rangi na mimi nilikuwa na jinzi na tisheti ya bluu, nilipigwa mgongoni mpaka dada akavunja tawi akawa ananipunga kama ng'ombe.

Tulipofika Malagarasi maji yalikuwa yamepungua, mawe na mchanga viko nje, mitumbwi imevutwa kando. Shemeji akanikataza kusogea ukingoni, mamba wapo. Stanley alipokuwa anavuka mto huu 1871 kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone mamba walimla punda wake, na huyo punda jina lake Simba, sasa wewe mwenzangu usiye hata na jina la mnyama ukae mbali.

Alafu shemeji akaniambia kitu nilikuwa sikijui na nimezaliwa Kigoma. Malagarasi unaanzia milimani huko mpakani na Burundi, yaani sio mbali sana na ziwa, lakini hauendi ziwani moja kwa moja, unazunguka kwanza mashariki, unapita kwenye vinamasi, ndo unageuka kurudi magharibi, kilomita kama 475 mpaka kuingia Tanganyika. Dada akacheka, cha kwanza siku ile, akasema "mtu wa hivyo namfahamu."

Shemeji akakutana na jamaa wa mitumbwi wakaanza habari za nyavu, akabaki. Tukatembea mimi na dada, yeye mbele mimi nyuma maana njia nyembamba, na nadhani kwa sababu hatuangaliani usoni ndo akasema. Kwamba mwaka ule mwezi wa tatu alilazwa wiki mbili. Nikauliza wapi, akataja, hapo mjini kwetu, kutoka kwangu bodaboda dakika kumi. Nikasema dada mbona hukunipigia. Akasema "nilijua uko bize, na chakula shemeji yako alikuwa analeta." Hakusema kwa hasira, alisema kama anataja bei ya mafuta ya taa. Nikakosa la kujibu. Nilianza kutafuta tarehe kichwani, mwezi wa tatu nilikuwa nafanya nini, nikakumbuka nilikuwa naangalia mpira tu, sikuwa bize na chochote.

Tulikaa kwenye jiwe kwa mbali tukiangalia maji. Akaniambia ugonjwa wenyewe, hauhusu jukwaa, amepona. Hayo asingeniambia sebuleni hata ningekaa wiki.

Kurudi tukala ugali wa muhogo, sombe (kisamvu) na wale migebuka kwa mawese, saa tisa na nusu nikakimbilia gari, la kwanza likajaa, la pili nikakaa kiti cha nusu tako mpaka mjini. Dada akanipa chumvi kilo tano, nilimwambia dada naishi peke yangu, akasema "ikiisha uje."

Kwa hiyo mkuu mpigie leo, usimshtukize, la sivyo atakopa kuku kwa jirani. Gari la kurudi usisubiri saa kumi na moja. Na migebuka chukua sita, shemeji anakula wawili.