Mwanangu, kuhusu huyo mkufunzi wako

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nilikuwa sina miwani nikadhani umeandika umegonga, moyo ukanipasuka. Kumbe unauliza tu kama uombe kubadilishiwa mkufunzi, kwa sababu huyu uliyepangiwa hasemi kitu, anakuacha ukosee ndo aongee, na wiki ya pili tu keshaanza kupanda kitandani nyuma ya viti vya lori analala wewe unaendesha. Sawa, nitakujibu. Ila kwanza na mimi nikuulize, ukifunga tela kwenye kichwa cha lori huwa unashuka? Namaanisha unashuka kweli, unaingia uvunguni na tochi, au unasikia tak unasema tayari?

Maana unajua ile tochi nyeusi ya nyuma ya mlango. Ile ambayo wewe na kaka yako mlichomoa betri mkaweka kwenye redio, nikafoka mpaka mama yenu akauliza kama nimerogwa. Sikuwahi kuwaambia ilikotoka. Niliinunua jioni ya siku niliyoangusha tela.

Nilikuwa mwezi wa kwanza kazini, bado najifunza, na mkufunzi wangu alikuwa wa aina hiyohiyo ya wako, mikono mfukoni, mdomo umefungwa. Tulikuwa wanafunzi sita yadi, kazi ya siku hiyo ni kufunga na kufungua tela tupu, basi, tangu asubuhi. Aliyenitangulia alipofungua aliizungusha ile miguu ya chuma ya kusimamishia tela ikawa mirefu mno, tela ikabaki imekaa juu kuliko inavyotakiwa. Mimi nikarudi nyuma taratibu, nimenyooka kwenye saitimira zote mbili najiona fundi, nikasikia mlio, nikaweka gia ya chini nikavuta kidogo huku breki za tela zimeshika, kichwa kikagoma kwenda, nikasema imekamata hiyo. Nikashuka, nikachomeka mipira ya upepo na waya wa taa, nikazungusha miguu ikapanda, nikarudi juu. Sikuinama. Hatua tatu mwanangu, kutoka pale nilipochomeka mipira mpaka pale ambapo ningeinama, ni hatua tatu!

Kumbe ile pini ya chini ya tela haikuingia kwenye taya za ile sahani ya nyuma ya kichwa. Ilipita juu, ikakalia pale kwenye sahani kwa uzito wake tu, na nilipovuta ilinidanganya kwa sababu uzito nao unashika. Ukiinama unaona mwanga kati ya sahani na tumbo la tela. Ukiona mwanga hujafunga, hata uvute mara kumi.

Kona ya kwanza tela ikabaki. Mipira ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, ikakatika, upepo ukatoka fyuuu, breki za tela zikajikamata zenyewe maana ndo zilivyotengenezwa, upepo ukikatika zinafunga, halafu ule mshindo. Pua ya tela imelalia chesisi, madigadi yote mawili yamekunjwa kama karatasi. Mimi nimekaa nimeshika usukani kwa mikono miwili, gari limezima na bado nimekanyaga breki, sijui naizuia nini.

Mkufunzi akaja anatembea. Hakukimbia. Akasimama dirishani akaniambia, "Niliona mwanga tangu unazungusha miguu."

Hapo ndo pananiuma mpaka leo, sio madigadi. Aliona! Akanyamaza.

Haya, sasa mimi mwenyewe huwa nabishana na nafsi yangu hapa. Kuna siku nasema yule mzee alinisaidia, kwa sababu tangu siku ile mpaka nastaafu sijawahi kuondoa tela bila kushuka nikaangalia, mvua, usiku, nimechelewa, hata nikiona mtu mwingine kafunga mbele ya macho yangu. Angeniambia "inama" ningeinama siku hiyo, wiki ile, halafu ningesahau. Halafu kuna siku nakumbuka kwamba mwenzangu mmoja alikuwa amesimama pembeni ya tairi za nyuma za kichwa, hatua nne hivi, anacheka na mtu. Hatua nne. Mkufunzi alimwona na yeye? Sikumuuliza. Nilikuwa naogopa kufukuzwa, nikasema tu samahani mzee. Mimi ndo niliomba samahani.

Kwa hiyo ukiniambia huyo wako ananyamaza, nataka kujua ananyamaza wapi. Akinyamaza yadini ukiwa unapiga rivasi, tela inakukatalia inaenda kushoto wewe unataka kulia, mwache anyamaze. Rivasi haifundishwi kwa mdomo. Utazungusha usukani kinyume, utasahihisha, utazidisha, utavuta mbele uanze upya, na ukiwa hujui nyuma kuna nini unashuka unaangalia, hata mara tano, wanaokucheka wacha wacheke. Lakini mteremkoni? Mteremkoni gia unaichagua ukiwa bado juu, kabla pua haijainama. Gari zito likishashika kasi ukataka kurudisha gia haiingii, unabaki na breki za mguuni peke yake, unazikanyaga zinachemka, zinaanza kunuka, halafu unakanyaga unakuta hazishiki. Mtu aliyelala nyuma haoni umechagua gia gani. Harufu ndo itamwamsha, na ikishafika harufu umeshachelewa.

Ila pia, na hili nalisema kwa sababu nimekuwa upande wa pili, nimefundisha watu mwisho mwisho kule, mkufunzi naye ni binadamu na amechoka. Wengine wanalala kwa sababu wamekuamini. Wengine wanalala kwa sababu kampuni imewapangia safari kama vile wako madereva wawili kamili, wakati mmoja ni mwanafunzi. Sijui wako ni yupi. Wewe ndo unakaa naye, unajua akiamka anauliza nini kwanza, kama anauliza tumefika wapi au anauliza umepitaje pale.

Na ule mkataba uliosaini, kwamba ukiacha mapema unalipa gharama za mafunzo, je kuomba mkufunzi mwingine nako wanakuhesabia kama kuacha? Sidhani. Ila usome, usimuulize mtu wa ofisini, soma mwenyewe. Nako ni kushuka na kuangalia.

Nilikuwa nimeandika hapa neno moja la kukujibu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Sitakwambia badilisha na sitakwambia vumilia, ingawa mkono unaniwasha. Mara ya mwisho nilipokuamulia kitu ulinyamaza miezi minne, na nilikuwa sijakosea hata siku ile.

Mama yako kasoma juu ya bega langu anasema sijajibu swali. Nimemwambia nimejibu. Anasema tena, sijajibu. Tochi nimeifunga kwenye kile kifurushi chako cha makoti, betri mpya ziko ndani.

Baba