Vitabu vyenye wahusika wenye ulemavu: mimi huangalia haya

Mleta mada ameuliza amsomee nini binti yake wa miaka sita mwenye kifafa, na kama vitabu vyenye wahusika wagonjwa au wenye ulemavu vitamsaidia au vitamtonesha kidonda. Dada yangu, vinasaidia sana, ila si vyote. Mwanangu ana mtindio wa ubongo na anatumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo hivi vitabu nimevichambua mno.

Kwanza natazama mhusika anataka nini. Kama haja yake pekee ni kupona, nakiweka pembeni. Vitabu vya zamani vimejaa hilo: Clara kwenye hadithi ya Heidi anaishia kutembea, na Colin wa The Secret Garden (1911) vilevile. Hadithi tamu, sikatai. Lakini mwanangu alisikiliza moja ya aina hiyo hadi mwisho, akaniuliza, "Na asingepona, wangeendelea kumpenda?" Tangu siku hiyo natafuta mtoto anayesaka paka aliyepotea, anayegombana na dada yake, anayedanganya kidogo, na ambaye yuko kwenye kiti mwanzo hadi mwisho.

Picha nazo usizipuuze. Wangu huweka kidole kwenye kiti kabla sijaanza kusoma. Wachoraji wengi huchora kile kiti kikubwa cha hospitali, na daima kuna mtu mzima nyuma anakisukuma. Yeye hutafuta ile ringi ya pembeni ya gurudumu anayoisukuma kwa mikono yake mwenyewe. Akiikosa, anasema, "Huyu hajui kiti."

Kwa upande wa kifafa, kagua sana ukurasa wa degedege. Kitabu kinachoonyesha watu wakimtia mtoto kijiko mdomoni au kumkandamiza chini, usikinunue hata kiwe na picha nzuri kiasi gani, maana watoto wenzake wataiga. Kizuri kitaonyesha analazwa ubavu, vitu vigumu vinasogezwa, mtu anaangalia saa, na msaada wa dharura unaitwa zikipita dakika 5. Halafu kifafa si kuanguka tu. Wapo watoto wanaoduwaa sekunde chache, kisha wanaendelea na mchezo, na hao hawaonekani vitabuni ipasavyo. Ukikipata kinachowaonyesha, kishike.

Pendelea pia waandishi walioishi jambo lenyewe. Cece Bell alipoteza usikivu akiwa na miaka minne kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, akaandika El Deafo (2014), kitabu cha picha ambacho wahusika wote ni sungura. Kinamfaa mtoto mkubwa kuliko wako, lakini mnaweza kukitazama pamoja. Anaeleza jinsi inavyochosha rafiki anapokupigia kelele polepole akidhani ndiyo utamsikia vizuri, kitu ambacho mtu wa nje asingekiwaza.

Usimjazie rafu vitabu vya kifafa peke yake. Anahitaji na vya majini na mazimwi kama watoto wengine. Na ukitaka mwalimu asome kimoja darasani, muulize binti kwanza. Wangu kimoja alikikubali na akakaa mbele kabisa, kingine akakataa kwa sababu hakutaka kufanywa somo la siku. Tulikirudisha nyumbani, tukakisoma wenyewe.